Redio ya Jirani Haijengwi Siku ya Msiba

Papy Mumbere Mahamba alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya jamii huko Lwemba, katika eneo la Mambasa, mkoani Ituri. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, muda mfupi baada ya kutoka kurusha kipindi kilichohusu Ebola, watu walimvamia nyumbani kwake, wakamuua kwa visu, wakamjeruhi mkewe, kisha wakaichoma moto nyumba yao. Hakuwa daktari wala mkubwa wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza majirani zake, kwa lugha wanayoielewa, jinsi ugonjwa unavyoenea na jinsi mtu anavyoweza kujikinga.

Vijana wapendwa, Lwemba iko mbali sana na Lubumbashi, na huenda wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake. Hata hivyo kifo kile kinaleta swali linalotuhusu sisi wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo, wa Ruashi na wa Kampemba. Ni kitu gani kinachoiwezesha redio ya jamii kuendelea kusema wakati wa maradhi, na ni kitu gani kinachoifanya isikilizwe? Maana kusema na kusikilizwa ni mambo mawili.

Wengi hujibu upesi kwamba redio inahitaji umeme, mitambo na fedha. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Tuitazame nusu ya pili kwanza, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa.

Mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walifariki. Safari hii kulikuwa na chanjo, na kulikuwa na wataalamu wenye uzoefu. Kilichokosekana mahali pengi kilikuwa imani. Utafiti uliofanyika Beni na Butembo mwezi Septemba 2018, ukachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 aliamini kuwa Ebola haipo kabisa. Walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea masilahi yao hawakufika theluthi moja.

Tusiharakishe kuwaita watu hao wajinga. Kwa miaka mingi walikuwa wakizika ndugu waliouawa kwa mapanga na risasi, na hawakuona magari mengi yakija kuwaokoa. Ebola ilipofika, magari yalijaa barabarani. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Siku iliyofuata kituo cha kupokelea wagonjwa huko Beni kilishambuliwa. Mtu aliyeachwa peke yake katika kilio chake, kisha akanyimwa kura yake kwa jina la ugonjwa, ataacha vipi kujiuliza ugonjwa huo unamnufaisha nani?

Katika hali kama hiyo, tangazo lililoandikwa mbali na kusomwa mara kumi kwa siku halimfikii mtu. Linapita juu ya paa. Linalomfikia ni neno la mtu anayemfahamu, aliyekuwa akisema kweli juu ya bei ya unga, juu ya daraja lililobomoka, juu ya mtoto aliyepotea sokoni, kabla ugonjwa haujaja. Vituo vya aina hiyo vipo mashariki. Radio Moto, ya Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, ni mmoja wao. Redio inayomjua msikilizaji wake inaweza kumkaribisha muuguzi studioni, na inaweza pia kumruhusu mama mwenye hasira apige simu na kuuliza kwa nini mwili wa mumewe ulifungwa katika mfuko na kuzikwa bila yeye kuugusa. Swali hilo likijibiwa kwa heshima, na wote wakisikia, hufanya kazi ambayo mabango mia hayawezi kuifanya.

Lakini kifo cha Lwemba kinatukataza kusema kwamba ujirani peke yake unamlinda mtangazaji. Hata jirani anaweza kuuawa pale ambapo shaka imeachwa ikaota mizizi na silaha zimetapakaa. Guinea iliyaona hayo kabla yetu. Mwezi Septemba 2014, katika kijiji cha Womey, watu 8 waliokwenda kufundisha juu ya Ebola waliuawa, na 3 kati yao walikuwa watu wa habari. Mtangazaji wa kijijini hubeba lawama za watu wasioonekana. Wanaoamua hukaa mbali, ila sauti inayosikika ni yake, na nyumba inayojulikana ni yake. Kwa hiyo anayetaka kuitumia sauti hiyo ana wajibu wa kumlinda mwenye sauti.

Sasa turudi kwenye nusu ya kwanza, yaani umeme na fedha. Hapa kwetu hakuna asiyejua giza la umeme unapokatika. Kituo kidogo hutegemea jenereta, na jenereta hutegemea mafuta. Watangazaji wengi hawana mshahara wa kutosha, na baadhi yao huishi kwa kile kinachoitwa « coupage », yaani bahasha anayopewa mwandishi na yule aliyemwita kuripoti habari. Mlipuko unapotokea, mashirika huja na fedha za kulipia matangazo. Jenereta hupata mafuta, mtangazaji hupata nauli, na redio husikika asubuhi hadi usiku. Mlipuko ukiisha, fedha hukoma, na kituo hurudi katika ukimya wake.

Sisemi fedha hizo ni mbaya. Zimeokoa watu. Nasema zina hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba wasikilizaji huona. Huona kwamba redio yao imepata maneno mengi siku ile ilipolipwa, na hapo neno la kweli hufanana na neno la kununuliwa. Huko mashariki watu waliuita mlipuko ule biashara ya Ebola, na mtangazaji aliyelipwa kwa kila tangazo alihesabiwa miongoni mwa wafanyabiashara. Ya pili ni kwamba kituo kinachoishi kwa misiba hujifunza kuingojea misiba. Katika nchi yetu haingojewi kwa muda mrefu. Wakati wote tulipokuwa tukihesabu waliokufa kwa Ebola, surua iliua watoto wengi zaidi. Hadi Januari 2020 zaidi ya watu 6,000 walikuwa wamefariki tangu mwanzo wa mwaka uliotangulia. Kipindupindu nacho hurudi tena na tena katika vijiji vya kando ya Ziwa Moero, bila kusubiri wafadhili wajiandae.

Wako watakaosema kwamba wakati wa hatari redio isome tu maagizo ya wakubwa, kwa kuwa kuwafungulia watu simu ni kuufungulia mlango uvumi. Hofu hiyo ina msingi. Mtangazaji asiyejiandaa anaweza kuacha uongo ukapita hewani na kuua. Lakini uvumi hauhitaji redio ili utembee. Mwezi Machi 2020, mji wetu ulipofungwa kwa siku 2 kwa sababu ya abiria waliotoka Kinshasa wakishukiwa kuwa na Covid-19, maneno yalipita katika simu zetu kwa kasi kuliko tangazo lolote. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauna jina wala anwani. Redio ya mtaa ina mlango. Ikikosea, unaweza kwenda kubisha hodi na kudai isahihishe, na aliyesikia kosa jana akasikia sahihisho leo. Dawa ya uvumi ni kuuleta uvumi wenyewe mbele ya mtu anayejua, aujibu hadharani. Uvumi ulionyamaziwa hauondoki. Hukaa jikoni ukiongezewa chumvi.

Tena tukumbuke miezi ile ya mwaka 2020 ambapo makanisa na shule vilifungwa. Kuanzia mwezi Machi hadi makanisa yalipofunguliwa tena tarehe 15 Agosti, familia nyingi zilisali mbele ya redio, na watoto wengi walisikia somo kupitia redio. Hapo tulitambua kwamba kifaa kile tulichokidharau kuwa cha wazee kiliwafikia watu ambao intaneti haikuwafikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivihesabu vyombo vya habari miongoni mwa mambo ya ajabu yaliyovumbuliwa na akili ya mwanadamu kwa msaada wa Mungu. Jambo la ajabu huhitaji kutunzwa na mikono ya kawaida.

Basi kijana wa parokia afanye nini? Kwanza, aichague redio moja ya jamii na kuisikiliza wakati wa afya, ili ajue ni nani anayesema kweli humo kabla ya siku ya msiba. Pili, kikundi cha vijana kiwe na utaratibu wa kukusanya maswali ya mtaa, hata yale ya kuudhi, na kuyapeleka kituoni kwa maandishi. Muuguzi wa zahanati ya jirani aombwe kuyajibu hewani kila mwezi, awepo mgonjwa au asiwepo. Tatu, tuchange. Falanga chache za kila familia katika jumuiya zetu ndogo haziwezi kununua mtambo, lakini zinaweza kununua mafuta ya saa moja ya jioni. Kituo kinacholishwa na wasikilizaji wake kina uhuru wa kuwaambia wafadhili na wakubwa: swali hili limetoka kwa watu, lijibuni. Nne, mtangazaji akitishwa, asiachwe peke yake. Watu wamsindikize nyumbani, na wazee na mapadre wajue jina lake.

Hayo yote ni madogo, na hayapigiwi picha. Lakini siku ugonjwa utakapobisha hodi, hakutakuwa na muda wa kujenga urafiki. Tutakuwa na ule tu tulioujenga.

Maswali ya kujadili pamoja:

1. Katika mtaa wetu, neno la nani linaaminiwa wakati wa ugonjwa, na kwa nini?
2. Ni swali gani juu ya afya ambalo watu huliuliza nyumbani lakini hawathubutu kuliuliza hadharani?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kwa ajili ya redio moja ya jamii kabla ya mwezi huu kwisha?