Megapikseli Haziwashi Taa

Mtu mwenye shilingi 1,500,000 mfukoni, anayetafuta kamera ya kupigia picha harusi, sendofu na vipaimara, hakosi washauri. Muuzaji wa Kariakoo ana lake, binamu aliyewahi kushika kamera ya kanisa ana lake, na kijana anayesifia kamera mpya mtandaoni kila wiki ana lake. Wengi wao hawadanganyi kwa makusudi. Wanarudia walichosikia, na maneno yakirudiwa sana watu huacha kuyahoji. Hapa nayahoji yale yanayowagharimu watu zaidi. Mwenye milioni kumi anaweza kufungua ukurasa mwingine. Yeye akikosea atanunua nyingine.

Tuanze na lile la kaunta: "Mkuu, hii ni ishirini na nne, ile ni kumi na nane tu." Ni megapikseli hizo, na muuzaji huzitamka kama anayepima nyama kwa kilo. Chukua Canon mbili za bei ya chini zilizotoka mwaka 2018, yaani 2000D yenye megapikseli 24 na 4000D yenye 18. Kwa masikio, moja imeipita nyingine kwa theluthi nzima. Lakini megapikseli ni hesabu ya eneo, upana mara kimo. Picha ya 2000D ina pikseli 6,000 kwa 4,000, na ya 4000D ina 5,184 kwa 3,456. Upana umeongezeka kwa asilimia 16 tu. Ukitaka picha yenye upana maradufu unahitaji megapikseli mara nne, si mara mbili.

Sasa ipeleke hesabu hiyo kazini. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, haihitaji hata megapikseli 9. Ya A3, ile ya kutundika sebuleni, inahitaji kama 17 na nusu. Skrini ya Full HD ni 2. Na picha nyingi za harusi siku hizi humfikia mteja kwa WhatsApp, ambayo huzikamua kabla hajazifungua. Mwaka 2008 Nikon iliwauzia wapiga picha wa kazi D700 yenye megapikseli 12, na kuna watu wanaoitumia hadi leo bila mteja kuuliza chochote. Ile 4000D ina kasoro yake kweli, ila muuzaji hakuitaja: mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki badala ya chuma. Anayebadilisha lenzi kila Jumamosi alifikirie hilo kwanza.

Na ukiona kamera ya jina usilowahi kusikia, nyepesi kama boksi la viberiti, imeandikwa 48MP na 4K kwa bei ya simu ya kitochi, iache mezani. Namba hizo mara nyingi hutengenezwa na programu inayoitanua picha ndogo. Hakuna maelezo yaliyoongezeka. Kuna ukubwa wa faili tu.

Binamu atadakia hapo: "Basi kama ni hivyo simu inatosha, yangu ina megapikseli 200." Nusu ya neno lake nalikubali. Anayepiga picha za mtoto wake, au anayeuza viatu mtandaoni na kuvipiga mchana karibu na dirisha, akae na simu yake na pesa anunulie taa. Lakini hiyo 200 si ya kujivunia. Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023, kwa matumizi ya kawaida, huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Inafanya hivyo kwa sababu kila pikseli ni ndogo mno kukusanya mwanga peke yake. Sensa, kile kibao kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ndiyo yenye kauli. Hata Canon ya bei ya chini ina sensa ya takriban milimita 22 kwa 15, eneo linaloizidi sensa kuu ya simu hiyo zaidi ya mara nne. Mchana wa jua tofauti haionekani. Ukumbini saa tatu usiku inaonekana hata kwa asiyejua kamera. Tena, tuseme ukweli, kamati ya harusi iliyokulipa haitaki kukuona umeshika simu.

Dai linalovuma zaidi sasa ni kwamba kamera za DSLR, zile zenye kioo ndani, zimekufa, kwa hiyo usipoteze pesa. Kwa upande wa viwanda ni kweli. Canon na Nikon walitoa DSLR zao kubwa za mwisho mwaka 2020, na nguvu yote imehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Ila kiwanda kuacha kutengeneza kitu si hasara kwa anayenunua kwa pesa ndogo. Wenye nazo wanahamia mpya na kuuza za zamani, na lenzi zao pamoja nazo. Lenzi za Canon za aina ya EF zimetengenezwa tangu 1987. Zimejaa mitaani, na mafundi wanazijua. Betri nayo ina neno: Nikon D3500, kwa kipimo cha kiwanda, hupiga picha 1,550 kwa chaji moja, wakati Sony a6000 isiyo na kioo inapewa 360 ukitazama kwa skrini. Kwa sherehe inayoanza kanisani saa nane na kuisha usiku wa manane, na umeme wa mashaka, hesabu hiyo ina uzito.

Mpiga video nampa jibu jingine. Kwake kamera isiyo na kioo ina faida ya kweli, kwa sababu DSLR nyingi za bei ya chini hutafuta fokasi kwa kusitasita zinaporekodi. Lakini hata hapo upya si kigezo. Canon 70D ya mwaka 2013 ndiyo iliyoleta mfumo mpya wa fokasi ya video wa Canon, ina skrini inayogeuka na tundu la maikrofoni. 2000D iliyotoka miaka mitano baadaye haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kabla ya kulipia kamera ya video, tafuta kwanza tundu la maiki. Sauti mbovu humfukuza mtazamaji haraka kuliko picha yenye chembechembe.

Sasa lile ninalolipinga kwa nguvu zangu zote: "Nunua bodi nzuri kwanza, lenzi utanunua baadaye." Hiyo baadaye huwa haifiki. Mtu anamaliza akiba yote kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi, anabaki na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, kisha anaingia ukumbini.

Nenda naye humo. Taa za zambarau zimewashwa, MC amewasimamisha wageni, maharusi wanalishana keki. Ukiivuta lenzi ile hadi milimita 50, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Kamera inakosa mwanga, inashusha kasi hadi 1/15 ya sekunde, na mkono wa bwana harusi wenye kipande cha keki unatoka kama moshi. Ukiongeza ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga, uso wa bibi harusi unajaa chembechembe. Sasa weka lenzi ya 50mm f/1.8, ile ndogo ambayo Canon waliitoa upya mwaka 2015 na ambayo ni miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini kabisa. Inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Palepale, kwa taa zilezile, 1/15 inakuwa 1/125 na bado una akiba. Mkono umesimama, na keki inaonekana ni keki. Hakuna bodi ya bei yako itakayokupa nyongeza hiyo ya mwanga.

Lenzi hiyo haifanyi kila kitu. Kwenye sensa ya hizi Canon za bei ya chini inabana kama lenzi ya milimita 80, kwa hiyo picha ya ukoo mzima utapiga kwa ile 18-55 na flashi. Flashi yenyewe ielekeze kwenye dari kama ni nyeupe, si usoni kwa watu. Wanaonunua Nikon wawe macho zaidi: bodi za D3000 hadi D3500 na za D5000 hadi D5600 hazina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, itakubidi uzungushe fokasi kwa mkono usiku kucha. Tafuta yenye herufi AF-S, na uisome kwenye lenzi yenyewe.

Kuna lingine dogo: "Weka auto, kamera nzuri inajua yenyewe." Haijui. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokitazama ni cha kijivu cha wastani. Kikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu hushusha mwanga, na uso wa bibi harusi mweusi unazama gizani. Dawa ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, na kipo hata kwenye kamera ya bei ya chini kabisa. Ongeza kidogo, angalia, piga tena.

Kuhusu fulufremu, wale wanaosema bila sensa ya milimita 36 kwa 24 wewe si mpiga picha, sina mengi. Ni sensa nzuri, na lenzi zake ni ghali. Kwa bajeti hii utapata bodi iliyochoka na hutabaki na hela ya lenzi, umerudi palepale pa lile dai la bodi kwanza.

Zoom kubwa nayo isikutishe. Kamera ya kuvuta mara 60 au zaidi huwa na sensa ndogo kama ya simu ya zamani. Kwa dereva wa utalii anayetaka simba wa mbali pale Mikumi, jua likiwaka, inafaa sana, hata ningemshauri aichukue. Kwa harusi ya usiku, hapana.

Linabaki lile la hofu: "Mtumba usiguse, utauziwa mzigo." Hofu ina msingi, lakini ushauri si sahihi. Kwa pesa hii mtumba ndio utakaokupa bodi, lenzi na flashi kwa pamoja. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima, alianza utotoni Dar es Salaam na kamera ya kisanduku iliyokwisha kutumika. Mtumba unadai macho tu.

Ichomoe lenzi, ishike juu, umulike na tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Joto na unyevu wa Dar, Zanzibar na Mombasa vinailisha, na ikikaa sana hula rangi ya kinga ya kioo, usafishaji wowote usirudishe. Iache hata kwa nusu bei. Kisha tazama skrubu za chini: zikiwa zimekwaruzwa vichwa, kamera imeshafunguliwa. Angalia kutu pale flashi inapochomekwa, hasa kama imetoka pwani. Funga tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe, uikuze picha uone madoa ya vumbi. Uliza shata, yaani pazia la kamera, imepiga mara ngapi. Bodi nyingi za ngazi hii zimepimwa kwa mapigo kama 100,000. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya kila picha, ila Canon nyingi zinahitaji programu ya kompyuta kuisoma.

Zinazotoka Japani zina mitego miwili ambayo muuzaji mwenyewe huenda haijui. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na hakuna pa kubadilisha lugha. Fungua menyu kabla ya kufungua pochi. Pili, nyingine hurekodi kwa mfumo wa picha 30 kwa sekunde na hazikubali 25. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo chini ya taa nyingi video itapitiwa na mistari au itapepesa. Ukikwama nayo, weka shata 1/50 au 1/100, mistari itapungua sana au itaisha.

Mgawanyo wangu ni huu: isizidi nusu ya pesa kwenye bodi, inayobaki iende kwenye lenzi ya f/1.8, flashi, betri ya pili na kadi mbili halali. Nenda dukani na kadi yako mwenyewe, mchana, ukiwa na muda. Piga picha dakika kumi, ndani na nje, rekodi na video, kisha uzitazame nyumbani kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Muuzaji akikukatalia kujaribu, mshukuru, uvuke barabara uende duka la pili.