Jina la Roboti Lifanye Kazi

Katika insha za kubuni kuhusu miaka ijayo, roboti wengi huitwa XR-5 au Robo. Majina hayo hayana kosa la kisarufi, ila hayafanyi kazi yoyote. Kwa maoni yangu, roboti ni mhusika kama mhusika mwingine, na anastahili jina la majazi, yaani jina linalosadifu tabia, hali au kazi yake.

Neno roboti lenyewe ni ushahidi. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka wa 1920 baada ya kupendekezewa na kakaye, Josef. Limetokana na neno robota, lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Katika tamthilia hiyo, roboti wanawaasi binadamu. Jina lilikuwa limebeba mgogoro tangu mwanzo.

Hapa kwetu, Katama Mkangi aliita riwaya yake ya mwaka wa 1995 Walenisi. Litenganishe jina hilo, utapata "wale ni sisi". Ulimwengu wa mbali unageuka kioo cha kujitazamia.

Kwa hivyo, kabla ya kumpa roboti jina, jiulize: ni nani anayemwita hivyo? Chukua mfano wa Kericho, ambako mashine za kuchuma majani chai tayari zimezua mvutano kati ya wafanyakazi na kampuni. Tuseme hadithi yako inatokea huko miaka kumi ijayo. Kampuni inaleta roboti na kumwita Neema. Wachumaji waliopoteza ajira wanamwita Mwagaunga. Kwa majina mawili tu umejenga mgogoro wa kitabaka na kinaya, na hujaandika hata sentensi moja ya kueleza.

Ngeli nayo ina la kusema. Meneja atatangaza, "Neema amewasili." Mchumaji atanung'unika, "Mwagaunga imefika." Wa kwanza anamhesabu roboti miongoni mwa watu, wa pili anakataa kumpa utu. Hata hivyo, kila msemaji ashikilie ngeli yake hadi mwisho. Ukichanganya ovyo, mtahini ataona kosa la upatanisho wa kisarufi, si ufundi.

Wapo watakaosema kwamba mitambo halisi hupewa herufi na nambari. Ni kweli, na nambari inafaa ikiwa unataka kuonyesha kampuni isiyojali utu. Basi iwe na sababu hiyo; isiwe imeokotwa kwenye filamu.

Kanuni hii itakufaa pia katika karatasi ya fasihi. Ukiulizwa kuhusu majazi, usitaje jina na maana yake ukaachia hapo. Onyesha tukio ambamo mhusika anatenda kulingana na jina lake, au kinyume chake.