Sekunde yaondolewa, saa ya msikiti bado yachelewa

Ramadhani iliyopita misikiti miwili mtaani kwetu iliadhini Magharibi kwa kupishana dakika tatu. Wengine walishatafuna tende, wengine wameishika mkononi wakitazamana. Saa ya ukutani ya msikiti wetu, ya betri, sijapata kuona ikisawazishwa.

Nalisema hili kwa sababu dunia inajiandaa kubadilisha hesabu ya wakati. Mkutano mkuu wa vipimo uliofanyika Ufaransa Novemba 2022 uliamua kwamba ifikapo 2035, pengo linaloruhusiwa kati ya saa rasmi na mzunguko wa dunia litapanuliwa. Mpaka sasa halifiki sekunde moja. Likikaribia, huongezwa sekunde ya ziada, kwani dunia haizunguki kwa mwendo mmoja kama saa za atomiki. Tangu 1972 zimeongezwa 27. Ya mwisho ilitupitia tarehe 1 Januari 2017, saa tisa usiku, tumelala.

Mzee mmoja barazani aliniuliza: basi tutaswali nje ya wakati? La, mzee wangu. Pengo lenyewe latarajiwa kufika kama dakika moja kwa karne nzima, na ratiba za swala hukokotolewa kwa jua.

Linalonisumbua mimi ni jingine. Hakuna saa moja kuu duniani. Ofisi ya kimataifa ya vipimo, BIPM, iliyoko Sèvres karibu na Paris, hukusanya takwimu za saa za atomiki zaidi ya 400 kutoka maabara za nchi nyingi, hutafuta wastani, kisha kila mwezi huzitangazia maabara zimetangulia au zimechelewa kiasi gani. Tofauti hizo huhesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde! Saa bora kabisa hukaguliwa kila mwezi. Yetu ya msikitini yaaminiwa tu.

Tena kuna wanaobandika ratiba ya Nairobi hapa Mombasa. Sisi tuko mashariki zaidi kwa karibu digrii tatu, na kila digrii ni dakika nne. Jua letu hutangulia kwa takriban dakika 12. Lamu hututangulia sisi kwa kama tano.

Nimeiomba kamati yetu jambo dogo: kila Ijumaa kabla ya khutba, saa ya ukutani ilinganishwe na simu inayochukua wakati wa mtandao, na ratiba iwe ya mji wetu. Nimejibiwa kwamba litajadiliwa mnara ukishapakwa rangi.