Mama wa Masisi hana mega: rudisheni kipindi cha waliohama kwenye FM

Wasikilizaji wetu, na ninyi wandugu mliohama vita, ambao labda mnasomewa maandishi haya na mtoto wa jirani mwenye simu, leo sileti habari ya bei ya maharagi wala ya barabara ya Sake. Leo nagombana na wenzangu wa kazi.

Kuna radio za hapa Goma na pembeni, sitazitaja, ambazo zimechukua kipindi cha waliohama, kile cha kutafutana na cha matangazo ya familia, zikakitoa kwenye mawimbi ya FM na kukipeleka Facebook. Sasa kinaitwa laivu. Mtangazaji anafungua kompyuta, anaingia katika programu kama StreamYard, anavaa shati ya pasi, anapanga taa mbele ya uso wake, halafu anasema: karibuni, tuandikieni mko wapi. Wakati ule ule, kwenye FM, muziki unapigwa. Mama aliye Kirotshe na radio yake ya mawe mawili anangoja kusikia jina la mtoto wake, anapata rumba.

Nasema hii si maendeleo. Ni kumfungia mlango mtu ambaye kipindi kilianzishwa kwa ajili yake.

Tuanze na chombo chenyewe, maana sitaki mtu aseme naogopa teknolojia. Chombo ni kizuri. Zamani kufanya laivu yenye watu wanne kulihitaji kompyuta ya nguvu na kijana aliyesoma mambo yake. Leo unafungua Chrome, unaruhusu kamera na maikrofoni, unatuma linki kwa WhatsApp. Mgeni anabonyeza, anaandika jina lake, anangoja pembeni mpaka umwingize. Hahitaji kuweka programu yoyote katika simu. Anaweza kuwa Bukavu, Kampala au Bruxelles. Mashine za mbali ndizo zinazochanganya sauti na picha na kuzituma Facebook au YouTube. Mimi mwenyewe nimeitumia kuhoji daktari aliyekuwa Beni, na ilitusaidia sana.

Lakini kila chombo kina mtu kilichotengenezewa. StreamYard ilianza mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2021 kampuni ya Hopin ikainunua kwa dola milioni 250. Mtu hatoi pesa kama hiyo bila kujua wateja ni nani. Wateja ni watu wenye umeme usiku na mchana, wenye laini isiyotetemeka, na karati ya banki ya kulipia kila mwezi ili jina la kampuni litoke kwenye kona ya picha. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni sisi kujidanganya kwamba mteja yule na mama wa Kirotshe ni mtu mmoja.

Hesabu ni rahisi, fanyeni nami. Laivu ya saa moja yenye picha safi inakula karibu giga moja kwa anayetazama. Ukiishusha mpaka sura za watu ziwe ukungu, bado inakula mega mia tatu na zaidi. Sauti tupu ya intaneti, ile ya kilobiti 64 kwa sekunde, inakula chini ya mega 30 kwa saa. FM inakula mega ngapi? Sifuri. Na hata ile simu ndogo ya mabutoni, ambayo watoto wa mjini wanaicheka, mara nyingi ina FM ndani yake. Unachomeka waya wa masikio tu, unasikia. Familia iliyohama inapopata makuta, inachagua kati ya unga, sabuni na dawa. Mega hazimo katika orodha, na anayeona ajabu aende akalale juma moja chini ya shitingi.

Wenzangu wananijibu: watu wengi sasa wana simu kubwa. Mjini, ndiyo. Lakini kumbukeni kilichotokea mwezi wa pili mwaka 2025. Kambi za pembeni mwa Goma, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na zingine, zilivunjwa. Mpaka siku ile, hata asiye na radio alipata habari, kwa sababu rais wa kambi alipita na megafoni kati ya vibanda, na jirani alimwambia jirani. Watu laki kadhaa walitawanyika. Wengine walirudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine Kalehe. Wengine walikuta nyumba zimechomwa wakaingia kwa shemeji, wengine wako kanisani. Hakuna tena mahali pamoja pa kupigia kelele. Wakati huo huo, katika vijiji vingi walivyorudi, ili kupata mtandao unapanda kilima na kuinua simu juu kama mtu anayeomba mvua.

Yaani katika wakati ambapo sauti ya radio tu ndiyo inaweza kuwafikia waliotawanyika, sisi tunaiondoa. Hapo ndipo hasira yangu inapotoka.

Na si mara ya kwanza tunafundishwa. Tarehe 31 desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima, na ujumbe mfupi wa simu pia; tulikaa karibu siku 20 hivyo. Ni kweli kwamba hata RFI ilinyamazishwa kwenye FM, kwa hiyo sisemi FM haikatiki. Lakini radio ndogo za mitaa ziliendelea kusema. Halafu mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wakaambiwa watoke Goma, barabara ya Sake ilijaa miguu, na watoto wengi walipotezana na wazazi. Ulizeni waliokuwa njiani: nani kati yao alikuwa anatazama vidio?

Kuna jambo lingine ambalo wasikilizaji hawalioni, wanalisikia tu. Baadhi ya radio hazijaiacha FM kabisa. Zinasema zinatangaza kote kuwili. Lakini namna gani? Zinachukua sauti inayotoka kwenye laivu, kutoka kompyuta ile ile, na kuisukuma kwenye mtambo wa FM. Sauti ya mgeni imekwenda kwanza mpaka mashine za ng'ambo, imerudi, ndipo inapanda antena. Laini ikitetemeka, na hapa kwetu inatetemeka kila siku, picha inaganda Facebook, na FM nayo inanyamaza. Msikilizaji anadhani radio imezimika. Jina la mtoto limesomwa katika sekunde zile kumi za kimya. Mtangazaji anarudi, anasema "samahani kwa watazamaji wetu", na anaendelea na jina linalofuata. Watazamaji! Hata samahani hatuwapi tena wasikilizaji.

Sasa nije kwenye sura za watu, maana hapa si swali la mega tena.

Kwenye radio, mama anayetafuta mtoto anasema jina, kijiji cha kwao, siku waliyoachana, kovu lililo juu ya jicho. Anaweza kuomba jina lake mwenyewe lisitajwe. Tunarekodi, tunasikiliza, tunakata neno linaloweza kumletea shida, ndipo tunarusha. Kwenye laivu tunamweka mbele ya kamera "ili watu waguswe". Analia. Anasema analala wapi sasa, kwa nani, na mume wake yuko upande gani. Hakuna makasi. Kabla hujabonyeza kumtoa kwenye skrini, neno limekwisha toka. Unaweza kufuta vidio kesho. Huwezi kufuta nakala zilizochukuliwa katika simu za watu usiowajua.

Nani hapa kwetu asiyejua kwamba kuna watu wanaotafutwa? Kijana aliyetoroka kikundi cha silaha. Msichana aliyebakwa, ambaye hata mama mkwe hajui. Mzee aliyemtaja hadharani mtu aliyechukua shamba lake. Katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa siku za kwanza kabisa: sura ya aliyebakwa haionyeshwi, sura ya mtoto aliyetoka katika kundi la silaha haionyeshwi. Sheria ile haikusema "isipokuwa kama ni laivu". Sauti pia inaweza kumtambulisha mtu, najua, lakini sauti haina kanga ya kutambulika, haina mti wa avokado nyuma yake, haina ukuta wa kanisa ambao kila mtu wa Minova anaujua.

Na maoni ya watu? Programu hizi zina kitufe cha kupandisha maoni ya mtazamaji kwenye skrini, makubwa, na jina lake. Nimeona tusi la kikabila likipandishwa hivyo na mtangazaji aliyekuwa anasoma haraka. Mkoa huu unajua maneno kama yale yanaishia wapi. Jirani zetu wa Rwanda walipata 1994, tena kwa njia ya radio, kwa hiyo sisi watu wa radio ndio wa mwisho wa kujifanya hatujui.

Hoja yenye nguvu ya wenzangu ni ile ya ndugu walio mbali, nami naipokea. Kuna watu wetu Nyarugusu, Nakivale, Dzaleka. Kuna watu wetu Canada na Marekani. FM yetu haiwafikii, laivu inawafikia. Shangazi aliye Nakivale anaweza kutambua jina na kupiga simu. Hiyo ni faida ya kweli na sitaki ipotee. Tena FM ya Goma haivuki kila mlima. Aliye Kitchanga au Mweso hatusikii. Lakini ukiniambia hivyo kama sababu ya kumnyima aliye Sake, ambaye antena inamfikia bure, hapo umeniacha.

Sababu ya kweli tunaijua, ila hatuisemi mbele ya maikrofoni. Mtambo wa FM unakula mafuta ya gurupu. Kompyuta inakaa saa tatu na betri yake. Hiyo ni shida ya kweli na wakurugenzi hawasingizii. Lakini sababu ya pili haina heshima: laivu inatoa namba. Mfadhili anaomba ripoti, unamwandikia wangapi walitazama, wangapi waliweka moyo mwekundu. Msikilizaji wa FM haachi alama yoyote. Anasikia, anasimama, anakwenda kumchukua mtoto wake, na katika ripoti yetu yeye ni sifuri. Basi tumeanza kumhudumia anayehesabika na kumwacha anayehitaji. Kama mafuta hayatoshi, kateni saa za muziki za asubuhi, jamani, si saa ya waliohama.

Na wala hatuhitaji kuchagua. Fundi yeyote wa radio anajua kufanya hivi. Maikrofoni zote ziingie kwenye meza ya sauti. Njia ya kwanza ya kutoka iende moja kwa moja kwenye mtambo wa FM, bila kupitia intaneti. Njia ya pili iingie kwenye kompyuta, na ndani ya StreamYard mchague njia ile kama maikrofoni, mzime kile cha kuondoa mwangwi, kwa sababu kinadhani jingo ni kelele na kinalikata. Sauti ya mgeni wa mbali irudi kwenye meza katika njia yake peke yake, isirudishwe tena kwake, la sivyo atajisikia mara mbili na atachanganyikiwa. Hapo laini ikikatika, Facebook inanyamaza lakini Kirotshe wanaendelea kusikia. Kamera ibaki kwa mtangazaji, au iwekwe picha ya nembo ya radio. Anayetafuta ndugu asionyeshwe sura. Ushuhuda urekodiwe kabla.

Na intaneti ifanye kazi inayoiweza vizuri: kubeba sauti kutoka radio moja hadi nyingine. Kipindi cha saa moja kikiwa sauti tupu ni mega 30 hivi. Mtu mmoja wa radio ya jamii kule Masisi akipanda kilima chake mara moja na kukipakua, anakirusha kwenye antena yake, na vijiji vyote vya bonde lile vinasikia bila kulipa hata franka moja. Majina yaliyosomwa yakatwe vipande vifupi vya WhatsApp. Dakika tano za sauti hazifiki hata mega tatu. Vijana wa kuchaji simu sokoni wataviweka katika kadi za memori, wanafanya hivyo na muziki kila siku.

Juma lijalo nitawaona wakurugenzi wawili, na sitaki kwenda na maneno yangu peke yangu. Ninyi mlio Sake, Kirotshe, Minova, Kibumba na kwingine, niandikieni ujumbe mfupi wa kawaida, au mpeni ujumbe dereva anayeshuka Goma: mnasikia radio gani, inashika vizuri saa ngapi, na kati ya saa kumi na saa mbili za usiku ni saa gani mko karibu na radio. Msiweke majina yenu wala mahali mnapolala. Kijiji na saa vinatosha.