Umeme wa Ubongo na Mgonjwa Aliyepoteza Maneno

Kiharusi kinapoupiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi huondoka na nguvu za mkono na mguu wa kulia, na pamoja nazo maneno. Mgonjwa anamtambua mkewe, anajua kuwa leo ni Dominika, anataka maji. Lakini neno "maji" halimjii. Wataalamu huiita hali hiyo afasia. Tangu mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alipochunguza ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akitamka karibu silabi moja tu, imefahamika kwamba makao ya usemi yanaweza kujeruhiwa pasipo akili yote kuzimika.

Jambo hili latuhusu. Jina la Sumbawanga hufasiriwa mara nyingi kuwa "tupa uchawi", na hata leo wapo wanaouona ukimya wa mgonjwa kuwa kazi ya mlozi. Lakini chanzo kikubwa cha kiharusi ni shinikizo la damu. Utafiti uliofanyika nchini kati ya 2003 na 2006 ulionyesha, baada ya kuzingatia tofauti za umri, wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam.

Siku hizi twasikia habari za umeme unaorudisha usemi. Elektrodi mbili zenye sponji zilizoloweshwa huwekwa kichwani, na mkondo mdogo sana, wa miliampia moja au mbili, hupitishwa kwa takriban dakika ishirini, huku mgonjwa akifanya mazoezi ya kutaja vitu. Umeme huo haupandi neno jipya kichwani. Unakusudiwa kuziamsha seli zilizosalia ili zipokee mazoezi kwa wepesi zaidi.

Je, unafaa? Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2019 yaliona dalili kwamba wagonjwa huweza kutaja majina ya vitu vizuri zaidi, lakini hayakupata uthibitisho kwamba mazungumzo yao ya kila siku yanaboreka. Kwa hiyo anayeuza mashine akiahidi kumponya mzee wako hana msingi wa ahadi yake. Wala mtu asijaribu kujiunganishia betri nyumbani: ngozi inaweza kuungua, na mwenye kifafa au chuma kichwani anaweza kudhurika zaidi.

Kilicho na uthibitisho ni tiba ya usemi yenyewe. Wataalamu wake ni wachache nchini. Lakini familia na Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuitegemeza kazi yao. Tuzungumze na mgonjwa kwa sentensi fupi, redio ikiwa imezimwa. Tumpe nafasi ya kujibu, tusimkamilishie kila neno. Tutumie picha, ishara, na maswali ya ndiyo au hapana. Tukumbuke pia kwamba kwa mwenye lugha mbili, moja yaweza kurudi kabla ya nyingine: aliyenyamaza kwa Kiswahili asemeshwe Kifipa.

Hapa ipo haki ya kulindwa. Shamba lisigawanywe mbele ya mzee kana kwamba hayupo, eti kwa sababu hasemi. Zakaria alipokuwa bubu, jamaa zake walimwuliza kwa ishara mtoto aitweje, naye akaomba kibao akaandika. Jina alilotaka ndilo mtoto alilopewa. Mgonjwa wetu huenda asiweze kuandika, maana afasia hugusa maandishi pia, lakini bado anaweza kuonyesha kwa kidole au kutikisa kichwa, mradi yupo anayemwuliza.

Adrian Atiman, katekista na tabibu ambaye hospitali yetu mjini hapa ina jina lake, aliuguza watu Karema kwa zaidi ya miaka 60, hadi kufa kwake mwaka 1956. Tukimfuata, tutapima shinikizo la damu kabla ya dalili, tutamkimbiza hospitali mgonjwa ambaye mdomo umepinda ghafla, na tutakaa karibu na yule ambaye neno moja humchukua dakika nzima.