“Madam, ubao unatembea”: Nilivyosoma daftari la mwalimu wa afya Mbekenyera

Nilikuwa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kwa shughuli nyingine kabisa (nilifuata habari za chanjo), nikajikuta nimekaa saa mbili nzima kwenye benchi la ofisi ya walimu nikisoma kaunta buku. Lilikuwa la mwalimu wa afya wa shule moja ya msingi. Amelipigia mistari kwa rula: tarehe, jina, darasa, tatizo, alichopewa. Safu ya majina aliifunika kwa karatasi kabla hajanikabidhi, na hapo hapo nikampenda.

Wasomaji wa mjini huwa wananiuliza kuhusu “nesi wa shule”. Mzazi mwenzangu, shule nyingi za msingi za serikali hazina nesi. Kuna mwalimu wa afya, ambaye huyo huyo anafundisha vipindi vyake kama wenzake na kusimamia usafi wa vyoo. Kuna sanduku la huduma ya kwanza lenye pamba, bandeji, spiriti, na panadol zikiwepo. Kinachozidi hapo, mtoto anapelekwa zahanati au kituo cha afya.

Safu ya “tatizo” mwalimu huyu anaandika maneno ya mtoto mwenyewe, kama yalivyotoka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema akiandika “homa” baada ya wiki hakumbuki ni nani, ila akiandika “nasikia baridi kwenye meno” anamkumbuka mtoto mpaka sura yake.

Basi nikawa nasoma na kucheka. “Kichwa kinaniuma kwenye goti” (alianguka, akagonga vyote viwili). “Nimemeza jino.” “Nimemeza mbegu ya chungwa, nahisi majani.” Huyu wa chungwa alipewa maji na maelezo. Wa jino naye hana neno: jino la utoto likishapita kooni bila kumpalia mtoto, litatoka lenyewe chooni, hata kama halitapata kurushwa juu ya paa.

“Sikio langu linaongea.” Hapo kulikuwa na mdudu, na alikuwa hai. Mdudu akiingia sikioni usichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala pini, utamsukuma ndani au utoboe ngoma ya sikio. Mlaze mtoto ubavu, dondoshea matone machache ya mafuta ya kula yasiyo ya moto ili mdudu afe, kisha mpeleke akatolewe. Kama sikio hilo huwa linatoka usaha, usitie kitu chochote, nenda naye moja kwa moja.

Ikiwa ni harage puani, usimwagie maji, litavimba. Kuna njia ambayo madaktari huwafundisha kina mama: unaziba tundu la pua lililo wazi, unaweka mdomo wako juu ya mdomo wa mtoto kama unambusu, unapuliza pumzi moja fupi kwa nguvu. Kwa watoto wengi kitu kinatoka. Kikigoma, hospitali. Na kama kilichoingia ni betri ndogo ya saa au ya mdoli, usijaribu lolote nyumbani, kimbia. Betri ile huunguza nyama kwa saa chache tu.

Kuna ukurasa nilikaa nao muda mrefu. Ni wa msimu wa korosho. Mvulana wa darasa la nne amekuja midomo imevimba, imeweka weusi pembeni, ngozi inatoka maji. Tatizo: “Nimeng’atwa na siafu.” Mwalimu ameliweka neno siafu kwenye alama za kufunga na kufungua, maana hakuna siafu anayeng’ata midomo yote miwili kwa mduara namna ile.

Mtu yeyote wa Ruangwa au Nachingwea anajua alichokiona. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Mtoto akiipasua korosho mbichi kwa meno, yale mafuta yanamwagika mdomoni. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, ndiyo maana wako watoto wanaovimba midomo hata kwa utomvu wa embe. Wabanguaji wa mkono hupaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kuanza kazi. Mtoto aliyejificha nyuma ya choo na korosho tatu mfukoni hana majivu wala mafuta.

Kwa nini akasema siafu? Kwa sababu korosho ile ina mwenyewe. Msimu ukifika, kila kilo inahesabiwa kuelekea ghalani, na minada ya chama kikuu cha RUNALI ndiyo inayoamua kama nyumba itaezekwa bati mwaka huu au mwakani. Mtoto anajua kwamba kukiri korosho ni kukiri wizi, na wizi una fimbo. Akakaa na kidonda siku mbili. Mwalimu hakuuliza mkorosho ulikuwa wa nani. Alimsafisha kwa maji mengi na sabuni, akamwambia asitumbue malengelenge na asipakwe dawa ya meno (dawa ya meno sijui nani alitudanganya kwamba ni ya kila kidonda). Mafuta hayo yakiruka jichoni, suuza kwa maji safi kwa dakika kama kumi na tano, kisha hospitali. Na korosho zikichomwa nyumbani, zichomwe nje, watoto wakae mbali na moshi wake.

Matumbo ndiyo yamejaza daftari. Yanauma kuanzia saa tatu hadi saa nne, na yanapona baada ya uji. Siku ambazo mahindi ya michango yameisha na uji haukupikwa, ukurasa hautoshi. Sidhani kama kuna la kufafanua hapo. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila kitu, akatembea kutoka mashambani, anaita njaa “tumbo” kwa sababu neno njaa linamtia aibu.

“Madam, ubao unatembea.” Huyu ni wa darasa la tatu, na mwandiko wa mwalimu hapo umeandika pembeni: anakaa nyuma. Nami nilipokuwa darasa la tano nilidanganya kwamba sioni, nikitaka miwani kama ya rafiki yangu, hivyo nilidhani ninamjua huyu. Sikumjua. Mwalimu alimsogeza mbele, akamwomba asome, akasoma. Alikuwa amepigwa kwa uzembe mwaka mzima. Mtoto wako akikunja macho, akisogelea sana daftari, au akinakili makosa ambayo hayapo ubaoni, mpeleke akapimwe macho kabla hujamwita mvivu.

Halafu kuna ingizo hili: “Nakojoa chai ya rangi.” Wenzake waliomsindikiza walikuwa wanacheka, na yeye anacheka. Alisema kaka zake wakubwa nao ilikuwa hivyo, ni dalili ya kukua. Mwalimu anasema hapo ndipo yeye aliacha kucheka.

Hicho ni kichocho. Mkojo wenye damu, hasa mwishoni mwa haja, si ukubwa, si jua kali, na wala mtoto hakukojoa njia panda. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi, vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha wakati mtoto anaoga, anavua au anafua kwenye dimbwi au mto. Vikiachwa miaka, vinaharibu kibofu na figo, na vinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana vinaweza kuumiza njia ya uzazi na kuleta dalili zinazofanana na magonjwa ya zinaa. Fikiria binti wa miaka kumi na mitatu anayeulizwa “umelala na nani?” kwa sababu ya maji aliyoogea.

Dawa ipo, ni prazikwanteli, na hutolewa pia shuleni kwenye kampeni za magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Dozi inapimwa kwa fimbo maalumu inayolinganishwa na urefu wa mtoto, na mtoto anatakiwa awe amekula. Akimeza na njaa, atapata kichefuchefu na kizunguzungu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro watoto waliugua baada ya kumeza, uvumi ukaenea kwamba wamepewa sumu, wazazi wakavamia shule kwa ghadhabu na zoezi likasimama. Siku ya dawa, mpe mtoto uji mzito asubuhi.

Nilimuuliza mwalimu kama amewahi kupata darasa zima linaumwa kitu kimoja. Akasema bado, lakini anaogopa siku hiyo. Nikamsimulia Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Mpaka katikati ya Machi walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159. Walicheka, wakalia, wakahangaika kwa vipindi, mwingine kwa saa chache, mwingine kwa siku hata 16. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudi makwao, na kicheko kikaenda nao vijijini. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakupata vijidudu wala sumu kwenye chakula. Walichokiona ni hofu na msongo unaoambukizana kwa kutazamana. Wale wasichana hawakuwa wanaigiza. Hata leo wasichana wa bweni wakianza kuanguka na kupiga kelele, kwanza hakikisha si malaria wala sumu ya chakula, kisha watenganishe, watoe watazamaji, wape maji na utulivu. Umati ndio unaolisha.

Mwalimu akanionyesha ukurasa mmoja wa mwisho. Binti wa darasa la sita: “Nimekalia kitu, nimejikata.” Alichopewa: kanga, sabuni, pedi, nusu saa ya mazungumzo. Alikuwa amevunja ungo katikati ya kipindi cha hesabu. Huku kusini unyago bado upo, na unaweza kudhani kila binti ameshafundwa, lakini mwili hausubiri familia ivune ufuta ipate pesa za ngoma. Mama, shangazi, bibi, semeni naye akiwa na miaka tisa au kumi. Baba pia, pesa ya pedi itoke bila kuombwa mara mbili. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba dukani bei haikushuka.

Kengele ikagongwa. Mtoto wa darasa la pili akasimama mlangoni.

“Shikamoo madam. Naumwa.”

“Marahaba. Wapi?”

Akatutazama wote wawili, akafikiri. “Mkono wa kuandikia.”

Mwalimu akaushika, akaugeuza, akabonyeza kila kidole. “Sasa hivi mna kipindi gani?”

“Imla.”

Akachukua kalamu, akaandika kwenye safu ya tatizo: “Mkono wa kuandikia.” Alichopewa: “Maji. Amerudi kwenye imla.”