Kufunga intaneti ni kazi ya tribinali, haiko kazi ya barua

Uchaguzi wenye kuja umepangwa kwa mwaka wa 2028. Mbele ufike, tunaomba wasomaji wetu wa Kolwezi, Likasi na Fungurume wakumbuke jambo moja lenye wengi wamekwisha kusahau: zile siku karibu makumi mbili zenye telefone zetu zilikuwa za kusemea allô tu.

Ilikuwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha kura. Intaneti ilikatwa inchi muzima, SMS nazo vilevile. Ilirudia karibu tarehe 20 Januari 2019, wakati Cour constitutionnelle ilikuwa inamaliza mambo ya matokeo. Mushauri mumoja wa raisi alieleza sababu: matokeo ya uongo ilikuwa imeanza kutembea. Sawa, tuseme ilitembea. Lakini mama wa Manika mwenye alikuwa amenunua forfait ya mwezi kusudi asikilizane na mutoto wake mwenye kusoma mbali, yeye alidanganya nani? Mega zake zilifia ndani ya telefone. Nani alimurudishia franga zake?

Na haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2011 walikata SMS kwa zaidi ya wiki tatu, na viziwi, wenye SMS njo mudomo yao, wakabaki kimya. Januari 2015, wakati watu waliandamana juu ya sheria ya uchaguzi, walikata intaneti. Banki zilirudishiwa yao kisha siku kidogo tu. Sisi wa telefone tulingojea zaidi ya wiki mbili. Muangalie vizuri pale: kumbe wanaweza kufungulia mumoja na kuacha mwengine inje! Agosti 2017 ARPTC iliandikia makompani ya telefone ipunguze nguvu ya kutuma picha ku rezo. Hakuna juge, hakuna tribinali. Barua tu.

Kwetu sisi wa mine, ile haiko mambo ya wapolitike wa Kinshasa. Mu ile Januari ya 2019, bei ya cobalt ku London ilikuwa inaanguka kwa nguvu. Munegosia mwenye satelite ku ofisi yake alikuwa anaiona kila asubui. Creuseur mwenye alifika na mifuko yake ku depo aliambiwa bei, na hakuwa na njia ya kuhakikisha. Watu wa Goma walishika karte SIM za Rwanda, wa Kinshasa za Brazzaville ngambo ya mutoni. Mutu wa Kolwezi ashike rezo ya wapi?

Watatujibu: hata Wazungu wanafunga. Ndiyo, wanafunga, na tunataka tuseme namna gani. Mu Uingereza, mwaka wa 2011, wenye filme za Hollywood walilalamika juu ya Newzbin2, site yenye ilisaidia watu kuchukua filme bila kulipa. Walienda mu tribinali. Juge akasikiliza pande zote, kisha akaamuru kompani BT ifunge ile site. Ile moja, kwa jina lake. Mu Ufaransa, sheria ya Hadopi ya 2009 ilitaka ofisi moja tu ikuwe na uwezo wa kukatia intaneti mutu mwenye kuiba miziki. Tarehe 10 Juni 2009 Conseil constitutionnel ilikataa: ikasema siku hizi kuingia ku intaneti ni sehemu ya uhuru wa kusema, basi ofisi haiwezi kuikata, ni juge tu.

Hata vile, kufunga site hakumalize wizi. Ni sawa na sentinele wa ku bariere ya mine mwenye amepewa liste ya majina: mwenye jina lake limeandikwa, hapiti, akibadilisha jina, anapita. The Pirate Bay ilifungwa mu Uingereza mwaka wa 2012, na mara moja kopi zake zikatokea na majina mengine.

Sisi hatutetee wizi. Vijana wenye kutia miziki mu karte memoire pale sokoni wanakula jasho ya wanamuziki wetu, na sheria ya haki za watungaji tunayo tangu 1986. Kama SOCODA inataka site fulani ifungwe juu inauzisha nyimbo za Wakongomani bila kuwalipa, ipeleke mambo mbele ya juge, na sisi tutaiunga mukono. Lakini mutu akiiba kuku ya jirani, haufungi soko muzima.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka ku KOV, pembeni ya Kolwezi, na zaidi ya watu 40 wakakufa. Hesabu miezi: intaneti ilikuwa imerudia tangu miezi tano tu. Mu siku kama ile, familia inatafuta picha, inatafuta majina, inatafuta mutu mwenye alimuona yaya yao asubui akishuka mu shimo. Inje ya ile, inabaki kusimama ku bariere ya kompani na kungojea mutu atoke kuongea.

Wadeputé wa Lualaba na wa Haut-Katanga watapita kwetu kuomba kura, tunawajua. Wakipewa kiti na maji ya baridi, tuwaulize mambo ine. Wataandika mu sheria asema intaneti haikatwe bila neno la juge? Ile neno itatangazwa, na hesabu ya siku ndani? Itataja site moja, ao rezo nzima? Na mega zenye tulilipa, zikifia mu mikono yetu, nani atazirudisha: serikali ao kompani ya telefone?